Imamu wa Siku ya Mvua

Mjaka Machano alisimama kuelekea kibla, mikono kifuani, na alikuwa hasali.

Mvua ndiyo iliyomwingiza msikitini pale Mkunazini. Mwavuli ulimkinga kichwa na mabega, lakini matope yalimfika vifundoni, akapita kwenye birika la udhu kuosha miguu. Alipomaliza akagundua mikono imekwenda yenyewe: viganja, kinywa, uso, mpaka kichwa. Mazoea hayaulizi mtu.

Hakuwa amesali tangu masika ya mwaka wa hamsini na tatu, alipofiwa na mkewe, Mwanamkasi. Alimwombea usiku na mchana, na hakupona. Baada ya hitima akaitundika tasbihi msumarini. Hata sheikh wa msikiti huo huo alipomwita, yeye fundi wa mapaa ya chokaa, aje azibe ufa wa dari, alikataa. Alijibu kuwa Mwenye nyumba ana uwezo, azibe mwenyewe.

Dadake, Bi Mize, alimcheka. "Wanuna bure, kaka'angu. Mtu hamnunii asiyekuwepo."

Sasa alikuwa amekaa akingoja mvua ikatike, mara Jecha muuza kahawa akatokeza mlangoni. Jambo akilijua Jecha, jioni linajulikana mpaka Ng'ambo. Mjaka hakutaka isemwe barazani kuwa kakutwa amekaa msikitini kama abiria. Ndipo aliposimama upesi na kufunga mikono.

Kitu kikamgusa bega la kulia.

Alijua maana yake. Aliyekosa sala ya jamaa humgusa begani anayemkuta anasali, na huyo huwa ndiye imamu wake. Kumbe Jecha kaja kusali nyuma yake! Kujidanganya mwenyewe ni kitu kimoja; kuiharibu adhuhuri ya mtu ni kingine. Na kugeuka hawezi.

Mjaka akatia nia. "Allahu Akbar," akasema, kwa sauti ya kusikika.

Fatiha ya kwanza ilikwama kama mlango uliovimba kwa maji. Ya pili ilikuja na uso wa Mwanamkasi. Kwenye sijida ya mwisho alikwisha kumsahau Jecha kabisa. Alikaa na kipaji cha uso chini muda mrefu kuliko inavyompasa imamu, akasema yote aliyoyanunia, na machozi yakaurowesha mkeka.

Akatoa salamu. Kisha, kama ilivyo ada, akageukia kuliani na kunyoosha mkono ampe maamuma wake.

Jecha alikuwa bado mlangoni, anakamua kanzu. Kwenye kiganja cha Mjaka likadondoka tone la maji kutoka darini.