Chini ya Mpira wa Paa

Binti alipochomeka bisibisi chini ya mpira wa paa la gari lao kuukuu, juu ya mlango wa nyuma, baba yake, fundi bodi mstaafu, alimpigia kelele kutoka kwenye kigoda: "Hapo usijisumbue! Nilipaziba kwa mkono wangu. Tangu uzaliwe hapajavuja hata tone."

Mpira ukabanduka. Kutu ilikuwa imetafuna ukingo wote, na puti aliyozibia baba ikamomonyoka kama biskuti. Palipobaki pazima ni pale tu alipopataja, na chini ya puti kulikuwa na donge la waridi, gumu kama jiwe, lenye alama ya kidole gumba.

"Baba, hii ni chingamu."

Mama, aliyekuwa akileta chai, alicheka hadi vikombe vikagongana. "Siku ananikimbiza hospitali nikuzae, mvua ilikuwa inanidondokea usoni. Nikaitoa mdomoni, nikainua mpira, nikaziba. Kesho yake yeye akapaka puti juu yake bila hata kuangalia."

Mzee alikodoa macho. Miaka yote hiyo amewatambia mafundi wenzake kwa tundu lile!

Akainuka, akamsogezea mkewe kigoda kwa heshima zote.

"Keti, fundi mkuu. Anza kutafuna, upande wa kushoto bado."