Yai Ndani ya Kitambaa

Kwenye kompyuta, profesa wa Ulaya alikuwa ameshawasha kamera yake wakati simu ya Émerance ilipotetemeka juu ya meza, chumbani kwake katika mtaa wa Hewa Bora, mbali na vita. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya baba yake, huko Goma, mji ulioanguka mikononi mwa waasi tangu juzi.

"Tuko bien. Fanya interview yako, usiogope."

Siku tatu alikuwa akingoja maneno hayo. Hata hivyo aliandika upesi swali walilopatana na baba tangu vita vikaribie, ili ajue kweli ni yeye: "Siku ya examen d'État ulinipatia nini njiani?"

Asubuhi ile ya mtihani wa kumaliza sekondari, baba alimpa yai la kuchemsha, lingali na joto, limefungwa ndani ya kitambaa chake cha kufutia jasho. Mama hakuwahi kujua.

"Mademoiselle," profesa alisema, "tuanze na utafiti wako wa doctorat. Mdukuzi akiipelekea satelaiti amri, itajuaje kwamba si mmiliki wake anayezungumza?"

"Itamuuliza kitu wanachokijua wao wawili tu."

Simu ilionyesha kwamba baba anaandika. Ikaacha. Ikaonyesha tena.

"Na jibu lisipokuja?" profesa aliuliza.

Simu ilitetemeka. "Maliza kwanza, mutoto wangu. Tutasemezana kisha."

Émerance alisoma mara mbili, akilitafuta yai. Kisha akaigeuza simu, kioo chini, akaibana kwa kiganja.

Profesa alirudia swali.

"Basi anayezungumza," Émerance alisema, "si yeye."