Bagamoyo Kwenye Ritani

Siku hizo zijazo, ukuta wa kila nyumba ulisikiliza na kukujazia ritani ya kodi. Ukificha pato, kazi huna. Mwanakheri, karani wa maji, aliwasuka majirani kwa malipo wiki tatu tu, akayataja yote. Jumamosi akamsuka bintiye, Rukia.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Shamba langu silipandi, navuna kwa mkasi."

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji!"

"Nakupa Bagamoyo."

"Nimeipokea. Ni nywele, we mtoto, hizi hizi zako!"

Ukuta ukasema, "Mwanakheri, umesuka, ukapokea Bagamoyo. Hukuitaja."

"Jamani, huo mchezo!"

"Thamani ya mji inatafutwa."

Rukia akanong'ona, "Mama, nikiuchukua tena mji wangu, watakuacha kazini?"

Mwanakheri akamziba mdomo taratibu, akautazama ukuta, akamalizia kumsuka.