Njuga Mnarani

Kashindye alipanda mnara wa redio na njuga zake miguuni.

"Zivue kwanza, ndugu yangu!" Yahaya alimpigia kelele kutoka chini.

"Muda uko wapi, bwana? Si wewe unayenikimbiza?"

Kweli, Yahaya ndiye aliyemkimbiza, na roho ilimuuma. Ilikuwa siku ya Uhuru, Mwanza nzima imefurika kiwanjani kando ya mnara, na magharibi ikiingia hotuba zingesikika kutoka Dar es Salaam. Sasa ghafla bin vuu, waya wa antena umechomoka kwenye vibano vyake, upepo wa ziwani unauchapa huku na huku, na redio inakohoa tu. Yahaya ndiye msimamizi wa mnara. Lakini Yahaya ana kitambi, tena akikanyaga ngazi ya pili tu hupiga shahada. Mpandaji ni mmoja, Kashindye.

Na Kashindye huyohuyo ndiye manju, kiongozi wa wachezaji ngoma wa Wagika! Kila Msukuma anaijua sheria ya mashindano: Wagika wanacheza upande huu, Wagalu upande ule, na jua likizama, mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Miaka miwili mfululizo Maige, manju wa Wagalu, alikuwa amemgaragaza kwa chatu wake, joka nene kama paja. Kashindye alikwisha kuapa: akishindwa na leo, anavua umanju, anarudi Magu kulima pamba. Na Yahaya kamtoa kiwanjani ngoma imekolea! Ee Mola, huu si uuaji?

"Kaza upesi ushuke!" Yahaya alilia. "Wagalu wanakumalizia watu!"

"Haraka haraka haina baraka, bwana."

Kashindye akakaza kibano cha kwanza. Ili kufikia cha pili akajipindua, kichwa chini miguu juu, waya kaung'ata kwa meno. Njuga zikalia cha! cha! cha! Kule kiwanjani mtu mmoja akainua macho. Kisha kundi zima.

"Mayo wee! Anaanguka!"

"Haanguki," alisema Dorotea, mke wa Kashindye, akitafuna muwa wake bila wasiwasi. "Sogeeni hapa, mtamwona vizuri."

Nani abaki kutazama nyoka? Watu wakamiminika, wengine viatu mkononi. Kashindye akaachia mkono mmoja, wakaguta. Akaachia na wa pili, akabaki ananing'inia kwa mkanda wa kiunoni, akaanza kutikisa mabega. Wapiga ngoma wa Wagika, ambao Dorotea alikwisha kuwaleta na magoma yao hadi chini ya mnara, wakamshindilia mdundo. Bibi mmoja alizimia kwa raha, akazinduka upesi asije akapitwa. Yahaya mwenyewe alijikuta anatikisa kitambi, anacheka mpaka machozi, amesahau redio, amesahau kazi. Mwisho akaja Maige, chatu shingoni, amekodoa macho juu na mdomo wazi.

Jua likazama. Wazee waamuzi hawakuhitaji hata kunong'onezana. Kwenye kiwanja cha Wagalu alibaki mbwa mmoja, naye amelala.

"Wagika!"

Vigelegele vilitikisa mawe ya Mwanza. Kashindye akakaza kibano cha mwisho, redio ikaacha kukohoa, sauti ya Dar es Salaam ikatoka safi kabisa, na hakuna aliyeisikia kwa makelele.

Alipogusa ardhi, Yahaya alimkumbatia, jasho na grisi na yote.

"Nisamehe, ndugu yangu. Nusura nikuharibie siku yako kubwa. Ni Mungu tu kakusimamia. Na waya wenyewe jana niliuona umekazwa barabara, sijui ni upepo gani huu..."

"Usijilaumu, Bwana Yahaya," Kashindye alisema, akimfuta grisi shavuni. "Mwakani nikiulegeza, nitakwambia mapema."