Kikombe cha Eliaichi

Siku hizo kila kikombe kiliijua damu ya mwenyewe. Eliaichi, aliyekuwa na ugonjwa wa hisia uliompandisha mawinguni kisha ukambwaga chini, hakuwa amelewa tangu apewe chake. Akianza kupanda tu, pombe iliyomo hugeuka maji.

Asubuhi ile binti yake Aikande alijifungua mjukuu wa kwanza. Eliaichi akainua kikombe cha mbege, pombe ya ndizi, kumkaribisha mtoto, na mbele ya macho yake ikatakata, ikawa maji maangavu kama ya chemchemi. Mwili ukamsisimka kama siku ya kwanza kikombe kilipofanya hivyo.

"Mama Aikande," alimwita mkewe, "hii si furaha tu? Au ugonjwa umeanza?"

Mkewe hakumtazama usoni. Aliinama, akakichungulia kikombe.