Bluu ya Papa

Wanawake wa Base, kambi ya jeshi, walipoanza kuimba nyimbo za kilio uani, Carine aliwaona dirishani, akakimbilia kompyuta akachomeka mikro ya kunasa sauti, vile papa yake, baba yake askari, alivyomfundisha.

Carine ana miaka saba, na hasikii tangu alipougua homa ya uti wa mgongo. Kabla ya kupelekwa vitani, papa yake alimwekea programu inayogeuza muziki kuwa rangi. Sauti nyembamba zilirukaruka juu kwenye kioo cha kompyuta, za njano. Sauti ya papa mwenyewe, nene, ilitambaa chini kabisa, ya bluu.

Leo kioo kilijaa njano tupu. Carine akapiga makofi. Mara ya mwisho wanawake hao kuimba uani, askari walikuwa wanarudi.

"Umuambie mutoto," jirani alimnong'oneza mama wa Carine. "Tangu asubuhi unanyamaza tu."

"Minyi nitamuambia na mikono gani?"

Carine aliweka kidole chini ya kioo, mahali palipokuwa bado peusi. Akamgeukia mama yake na kuuliza kwa viganja: papa haimbi? Kisha akamsogezea mikro mdomoni, amwite.

Mama yake alikuwa hajatoa hata chozi. Alifungua kinywa ili aite, lakini badala ya jina ukatoka mlio mnene wa tumboni ambao hakujua kwamba anao.

Carine hakuwa akimtazama. Alikuwa akitazama kioo.

Chini kabisa, bluu ikaanza kutambaa.

Carine aliangusha mikro, akakimbia mlangoni kumpokea papa yake.