Swali la Mwisho

Swali la mwisho lilisema: “Eleza wema uliomtendea mtu.” Fomu ya chuo ilitakiwa ofisini kabla ya saa sita, la sivyo nafasi ingepotea. Mwanahawa alizunguka barazani kwa Bi Rukia, jirani yake asiyeona, akiandika na kufuta.

“Mbona watangatanga kama kuku anayetafuta pa kutaga?”

“Wanataka nijisifu, bibi. Wema ukiutangaza si wema tena.”

“Basi waandikie habari za anayeniachia ndoo ya maji mlangoni kila alfajiri. Anadhani nimelala. Hatua zake nazijua: moja nzito, moja nyepesi, kama hizi zinazonizunguka tangu asubuhi.”

Mwanahawa akasimama ghafla.

“Andika, mjukuu wangu. Jina lake sikuulizi.”

Kalamu ikagusa karatasi. Kizingitini, alama ya duara ya ndoo ilikuwa bado haijakauka.